Udongo wa Sadaka

Paa la tembe halitaki bati wala misumari. Linataka udongo, na linataka mtu wa kuupandisha kila mwaka kabla ya mvua, kwa sababu jua la Singida hupasua udongo wa zamani na mvua ya kwanza huingilia kwenye nyufa hizo. Katika kijiji cha Unyamakwi, upande wa Ikungi, kazi hii iligawanywa tangu zamani: wanawake huchimba na kubeba, wanaume hupanda juu na kusambaza. Kabla kikapu cha kwanza hakijapanda, mwanamume wa nyumba huingia ndani na shoka, akagonga nguzo moja moja kwa kisogo cha shoka hilo, akisikiliza. Nguzo nzima hulia kavu. Nguzo iliyoliwa na mchwa hulia kama kibuyu.

Nyumba ya Sijaona haikuwa na mwanamume.

Ilikuwa nyumba ya marehemu mama yake. Sijaona aliolewa Manyoni, na serikali ilipofungulia biashara yeye na mumewe waliuza mitumba karibu na stesheni ya reli, wakapata meza yao, wakajenga. Kisha mume akakonda, akafa. Ndugu za mume wakachukua nyumba na meza, na Sijaona akashuka kwenye basi pale Ikungi na begi moja na kikohozi. Hakuwa na mtoto. Kaka yake, Alute, alimpokea barabarani, akambebea begi hadi kwenye mlango wa nyumba ya mama yao, akaliweka chini, akasema atakuja kesho. Alikuja mara chache. Alikuwa na mke mwenye hofu, na yeye mwenyewe hakuwa mtu jasiri.

Kijijini hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Walisema, "Amekanyaga waya," wakashusha sauti, ingawa hapakuwa na umeme hata Ikungi.

Aliyempelekea chakula ni Dorkas, jirani yake ng'ambo ya shamba la uwele. Dorkas alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa Gerald, mtu wa umoja wa wanawake kanisani. Kila asubuhi aliweka bakuli la uji kwenye jiwe la mlangoni, akaita, "Sijaona, uji huo," na kutoka ndani akaitikiwa, "Asante mama, shikamoo." Dorkas alijibu marahaba akiwa ameshageuka. Jioni alikuta bakuli tupu, limeoshwa. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Alijiambia kwamba mgonjwa anahitaji kupumzika.

Mwaka ule redio ilitangaza mvua kubwa, ikaipa jina la kigeni, Elinino. Wiki ya kwanza ya mawingu, mwinjilisti Simeoni alisimama kanisani akasema kuna dada yetu hana wa kumpandishia udongo. Sadaka si lazima iwe nafaka, alisema. Hata udongo Mungu anaupokea.

Jumamosi wakaja wengi kuliko alivyotarajia. Walichimba kwenye kichuguu cha zamani nyuma ya nyumba, wakajaza vikapu na makarai, wakajipanga mstari, wakaimba. Simeoni na vijana wa kwaya walikuwa juu wakisambaza. Ilikuwa kazi ya furaha. Udongo hauna bei, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kuleta kidogo, na kila mama alitaka kikapu chake kionekane. Esta, mama Pendo, mwenye shingo ngumu na mdomo mkali, alibeba karai ambalo vijana wawili walisaidiana kulipokea.

"Mama Pendo, hilo ni karai au ni kaburi?" mmoja alimtania.

"Ninyi mnaobeba kwa vijiko subirini thawabu za vijiko," alijibu, na mstari mzima ukacheka.

Katikati ya wimbo sauti nyembamba ilisikika kutoka ndani. Wote waliisikia. Dorkas aliisikia.

"Na yeye anaitikia," alisema Esta, na wanawake wakafurahi, wakaongeza sauti zao.

Nguzo hazikugongwa. Simeoni alidhani Alute amekwisha kuzigonga, maana ni nyumba ya mama yake. Alute, aliyekuwa mnadani siku hiyo, alidhani watu wa kanisa watafanya wanavyojua wao. Wanawake hawakudhani chochote, kwani kugonga si kazi yao. Na kugonga nguzo kunataka mtu aingie ndani.

Kazi ilipokwisha Simeoni alisimama juu ya paa, akavua kofia, akaiombea ile sadaka. Paa lilikuwa nene na laini kama mkate. Watu waliliangalia kwa kuridhika, wakanawa mikono, wakaenda zao.

Mvua ilianza, na haikunyesha kama mvua za kwao, ambazo hupiga na kupita. Hii ilikaa. Siku moja Dorkas alikuta bakuli la jana, ambalo mvua ilimzuia kulifuata jioni, bado liko kwenye jiwe, uji umechanganyika na maji ya mvua. Aliita. Akaita tena. Kisha akavua ndala, akainama, akaingia.

Ndani kulikuwa na harufu ya moshi na ya mtu asiyeweza kutoka nje. Mwanga kidogo ulishuka kupitia kile chungu kilichotobolewa kitako, ambacho watu wa matembe hukiweka paani kutolea moshi. Sijaona alikuwa amelala kwenye ngozi, si kitandani. Kitanda kilikuwa upande wa pili, chini ya mhimili mkubwa, na hapo katikati nguzo ilikuwa imepinda kama goti. Unga wa mchwa ulikuwa umejikusanya chini yake.

"Shikamoo mama," Sijaona alisema. "Leo umekaribia."

"Marahaba mwanangu." Dorkas alikuwa anaangalia nguzo. "Hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Ilianza kulia Jumamosi ile. Niliwaita. Mlikuwa mnaimba."

Dorkas alikaa chini, kwenye udongo.

"Nikadhani mmeamua kunizika mapema," Sijaona alisema, na akacheka kidogo, na kicheko kikawa kikohozi. "Karai moja lilishuka kwa kishindo, nikasema huyo lazima ni mama Pendo."

Nguzo hiyo haikuwa ya asili. Wazazi wa Sijaona waliweka mpingo, mti ambao mchwa hawauwezi. Mwaka wanunuzi wa magogo walipopita na lori, Alute aliitoa ile ya mpingo, akaweka mkaratusi mahali pake. Mama alikuwa amekwisha kufa, nyumba ilikuwa tupu, na Alute hakujua kwamba dada yake angerudi. Huenda wengi wangefanya hivyo. Wengi walifanya.

Dorkas alimlisha, akamsogeza mbali zaidi na ule mhimili, akaenda moja kwa moja kwa Alute. Alute alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkewe nyuma yake. Alisema mvua ikikatika atatafuta nguzo. Alisema hivyo kwa upole, akiangalia chini, na Dorkas aliona kwamba hakuna zaidi ya kupata pale.

Nyumbani alimkuta mumewe, Mughwai, anasuka kamba ya kufungia ndama.

"Baba Gerald, yule binti hawezi kulala pale. Nguzo imekwisha."

"Mpeleke kwa kaka yake."

"Nimetoka huko. Anasema mvua ikikatika atatafuta nguzo."

Mughwai alicheka bila furaha. "Ataipata wapi? Pori lote limekwenda Dar ndani ya magunia ya mkaa."

"Nataka tumlete hapa."

Mughwai aliendelea kusuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe alijua kwamba akinyamaza hajakataa bado.

"Hapa kuna wajukuu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Watu wanasema hata bakuli linaambukiza."

"Bakuli lake nimelishika tangu kiangazi."

"Ndiyo," alisema Mughwai. "Hata hilo nimelifikiria. Nimelifikiria sana usiku." Akaweka kamba chini. "Mama Gerald, usinilazimishe leo."

Hakumlazimisha. Aliona kuna njia nyingine ya haraka: kupunguza ule udongo. Akaenda kwa mwinjilisti. Simeoni alikuwa ametoka kuzika mtu katika mtaa wa mbali, suruali imelowa hadi magotini, baiskeli imejaa tope.

"Ile sadaka nimeshaiombea, mama," alisema. "Leo nikawaambie nini wale kina mama? Kwamba tumekosea?"

"Ndiyo. Waambie tumekosea."

Simeoni alijifuta uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na kila alipokwenda siku zile alikuta kaburi. "Jumapili," alisema. "Nitalisema kwa upole. Watu wasivunjike moyo wa kutoa."

Jumapili ilikuwa mbali. Dorkas alikwenda kwa Esta, ambako wanawake kadhaa walikuwa wanapukuchua mahindi barazani, wakisubiri mvua ipungue. Alieleza yote, nguzo, mchwa na mkaratusi.

"Mimi shingo yangu bado inauma," alisema Esta. "Leo unaniambia nipande nikaushushe udongo wangu? Sadaka inarudishwa?"

"Hatumrudishii Mungu kitu. Tunamtua mtu mzigo."

"Aa! Dorkas wa Biblia alishona nguo za wajane. Hakubomoa mapaa."

Wanawake walicheka, na hata Dorkas alitaka kucheka, maana lilikuwa limesemwa vizuri. Lakini aliona pia kwamba walikuwa wameumia. Kwa mara ya kwanza tangu Sijaona arudi, walikuwa wamemfanyia jambo, wakalala na dhamiri safi. Sasa yeye alikuwa anawaomba waupande ule wema wao na kuukwangua kwa jembe.

"Na mwanamke anapanda paa tangu lini?" aliuliza mmoja.



Asubuhi iliyofuata mvua ikiwa nyepesi, Dorkas alipanda. Alikanyaga penye ukuta, akashika ncha za fito, akajivuta juu kwa tumbo. Alianza kukwangua udongo kwa jembe dogo na kuusukuma chini. Ulikuwa umelowa, mzito kama nyama. Watu waliopita njiani walisimama wakamtazama.

"Ni nani huyo?" sauti ilitoka kwenye kile chungu cha moshi.

Dorkas aliinama. "Ni mimi."

"Mama, shuka. Nguzo inasikia kila hatua yako."

"Nitakaa ukingoni, penye ukuta."

"Kaa hapo hapo basi. Huko juu unaona nini?"

Dorkas aliinua kichwa. "Maji. Shamba lote ni maji. Mawe ya mlimani yanang'aa. Ng'ombe wa mtu fulani wako kwenye uwele wetu."

"Wa nani?"

"Kama si wa kaka yako."

"Basi ni wake," alisema Sijaona. "Huyo hata ng'ombe wake huenda nyumba ya watu badala ya kurudi kwao." Akacheka tena, na Dorkas, akiwa amelala kifudifudi kwenye tope, akacheka naye.

Mughwai alikuja kabla ya adhuhuri. Aliambiwa njiani kwamba mkewe yuko juu ya paa kama paka. Dorkas alipomwona anakuja na shoka begani, alijiandaa kwa maneno. Mughwai aliegemeza shoka ukutani, akasema, "Shuka," akampokea miguu, akapanda yeye. Alikwangua hadi mvua ilipozidi na paa likaanza kuteleza. Hata theluthi moja ya ule udongo haikuwa imeondoka, na uliobaki ulikuwa unakunywa maji.

Kisha alichukua shoka, akasimama mbele ya mlango kwa muda. Akainama, akaingia.

"Shikamoo baba," alisema Sijaona kutoka kwenye ngozi.

"Marahaba." Aligonga nguzo kwa kisogo cha shoka. Ililia kama kibuyu. Aligonga ya pembeni, na ya pembeni nyingine. Akatoka, akaenda nyumbani, akarudi na mti wenye panda aliokuwa ameung'oa kwenye zizi la ndama wake. Akauegemeza chini ya mhimili, akaukaza kwa jiwe. Alifanya yote hayo akiwa amepiga magoti karibu na yule binti, na alipomaliza hakuondoka haraka.

"Itashika?" Dorkas aliuliza.

"Itashika kidogo." Alimwangalia Sijaona, kisha mkewe. "Tumchukue. Atalala upande wa ndama. Nimeshapafagia."

Dorkas aliinama amwinue, lakini Sijaona alimshika mkono.

"Si leo," alisema.

"Kwa nini?"

Sijaona aligeuza uso ukutani. Mughwai alielewa kwamba hayo ni maneno ya wanawake, akatoka nje mvuani.

"Mama, niangalie nilivyo," Sijaona alisema. "Siku ngapi sijaoga? Nguo hii siwezi hata kuisema. Nitaingiaje nyumbani kwa watu hivi, wajukuu wananitazama? Mume wako amekubali kwa shida. Nisimwingilie na harufu."

"Nitakuogesha kule kule."

"Mgeni haogeshwi barazani kwa watu." Alisema hivyo kama mtu anayekumbusha jambo ambalo wote wawili wanalijua, na ni kweli Dorkas alilijua. Hata mama yake angesema hivyo hivyo. "Kesho asubuhi uje na maji ya moto. Uniogeshe hapa, univalishe, halafu nitoke kwenye nyumba ya mama yangu kama mtu."

Dorkas angeweza kukataa. Kuni zilikuwa zimelowa, maji ya moto yangechukua muda, jioni ilikuwa inaingia. Angeweza kumbeba vile vile, kwa nguvu, kwa maana alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Lakini tangu kiangazi kila mtu alikuwa amemfanyia Sijaona jambo bila kumuuliza, na hili lilikuwa jambo la kwanza aliloliomba.

"Kesho," alisema. "Mapema."

"Uje na sabuni ya kunukia kama unayo," alisema Sijaona.

Dorkas alikuwa nayo. Gerald aliileta kutoka Singida mjini, naye aliitunza kwenye sanduku kwa ajili ya Krismasi. Asubuhi aliifunga ndani ya kitenge chake kizuri, akabeba ndoo ya maji ya moto kichwani, imefunikwa kwa sinia. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Alikuwa nusu ya shamba la uwele alipoona kwamba anaweza kuona miti ya upande wa pili, ambayo siku zote ilifichwa na ile nyumba.

Kuta mbili zilikuwa zimesimama. Paa lote lilikuwa ndani. Kile chungu cha moshi kilikuwa kimekaa juu ya tope, usawa wa magoti yake, kizima.

Alitua ndoo. Alipiga magoti, akaita kupitia kwenye chungu.

Watu walikuja. Safari hii hakuna aliyeimba. Esta alikuja akikimbia bila kilemba, akafukua kwa mikono, akakataa kupokewa. Alute alifukua pia, akilia kwa sauti kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze wala aliyemfariji. Udongo ulikuwa mwingi. Walijaza vikapu vilevile na makarai yaleyale. Walipomfikia, ule mti wa Mughwai ulikuwa umelala pembeni yake, haujavunjika. Ulikuwa umesukumwa tu, kwa sababu uliegemezwa kwenye ardhi iliyokunywa maji.

Watu walianza kuulizana ni wapi apelekwe kuoshwa. Alute alifungua mdomo, akamwangalia mkewe.

"Kwangu," alisema Mughwai. "Apelekwe kwangu. Pamefagiwa."

Wakambeba kwenye ngozi. Maji ya ndoo yalikuwa yamepoa, lakini Dorkas hakukubali yamwagwe. Alimwogesha upande wa ndama, kwa sabuni ya kunukia, polepole, kila kidole, akamvalisha kitenge. Wajukuu walichungulia, na Mughwai hakuwafukuza.

Makaburini Simeoni alihubiri kwa kifupi. Alianza kusema kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa, akafika katikati, akaacha hapo. Kisha alisema, "Tuombe tusamehewe," na hakueleza kosa.

Njiani kurudi, Esta alitembea sambamba na Dorkas. Kucha zake zilikuwa bado na udongo.

"Angekufa tu, mama Gerald," alisema. "Tuseme ukweli. Asingeiona Pasaka."

"Ndiyo," alijibu Dorkas. "Angefia kwangu."

Dorkas hakulirudia jambo la ile nguzo kwa mtu, wala kanisani, ingawa wengi walitazamia atalisema.

Mvua zile zilipita, njaa ikafuata kwa sababu uwele uliozea shambani, kisha kiangazi kikarudi na mapaa yakapasuka tena. Mume wa Esta, aliyekuwa anakwenda na malori ya mkaa hadi Dar, alirudi nyumbani mwezi wa kumi. Hakutoka nje. Esta alisema ni malaria. Aliacha kuja kwenye umoja wa wanawake, na mdomo wake, ambao wote waliuogopa, ukakauka.

Jumamosi moja wanawake walikwenda kumpandishia udongo. Walikwenda bila kuimba sana. Walipofika Esta alikuwa amesimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo, kama mtu anayeizuia nyumba isitoke.

"Wekeni hapo nje," alisema. "Vijana watapandisha. Ninyi hamna haja ya kuingia."

Wanawake walishusha vikapu. Wengine walikwisha kugeukia kichuguu cha karibu, kuchimba zaidi. Dorkas alitua kikapu chake, akakiegemeza ukutani, na Mughwai, aliyekuwa nyuma yake, akampa shoka mkononi. Si kazi ya mwanamke. Wote walilijua hilo.

"Mama Pendo," alisema Dorkas. "Kabla ya udongo, nigonge kwanza."

Esta alimtazama. Kutoka ndani kulisikika kikohozi, kirefu, na kisha mtu akijaribu kukizuia kwa nguo.

"Ukiingia utaona," Esta alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

Esta alibaki pale kwa muda, akiwatazama wanawake waliosimama uani na vikapu vyao. Kisha akaondoa mkono mmoja kwenye mwimo.

Dorkas akavua ndala, akainama.